Mbona Dawa Yenyewe Yamtesa Mtoto?

Pengine haya umekwisha kuyaona kwa macho yako. Mtoto apelekwa hospitali kubwa ya mjini, taya limemvimba kama aliyeficha limau shavuni. Wazazi waambiwa kwamba ni kansa. Mtoto apewa dawa kwa sindano na kwa dripu, na baada ya siku chache uvimbe waanza kunywea, kila mtu afurahi. Kisha, katika juma la pili au la tatu, mambo yageuka. Mtoto atapika. Kinywa chajaa vidonda, hata uji hawezi kuumeza. Asubuhi nywele zabaki juu ya mto. Yule aliyeingia hospitali akicheza, ingawa alikuwa na uvimbe, sasa amelala tu wala hataki kusemeshwa.

Nilikuwa barazani kwa jirani yangu siku ile bibi wa mtoto aliponigeukia akaniuliza, "Mwalimu, wewe unasoma vitabu. Hebu niambie, hii ni dawa au ni sumu?" Mama mtu alikuwa amemrudisha nyumbani mwanawe wa miaka sita baada ya duru ya pili ya matibabu. Karatasi ya tarehe ya kurudi hospitali alikuwa ameikunja na kuitia kabatini. Uvimbe umekwisha, alisema, na dawa ndiyo inayomwua mtoto. Kuna haja gani ya kurudi?

Sikuwa na jibu siku ile. Nilinyamaza, nikanywa chai yao nikaenda zangu, na jambo hilo likanisumbua. Haya unayoyasoma ndiyo niliyoyapata baada ya kuuliza na kusoma. Na kwanza niseme wazi kwamba bibi hakukosea. Dawa hiyo ni sumu. Lakini ni sumu iliyopimwa, na kuna sababu ya kuipima na sababu ya kurudia.

Chembe iliyosahau kuacha

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, zisizoonekana ila kwa hadubini. Chembe hizo huzaliwa na kufa kila siku. Moja hujigawa zikawa mbili, mbili zikawa nne, kadiri mwili unavyohitaji. Ukijikata kwa kisu jikoni, chembe za ngozi hujigawa mpaka kidonda kifunge, kisha huacha. Chembe ya kansa ni ile iliyosahau kuacha. Hujigawa pasipo kuitwa na pasipo kuambiwa basi.

Kansa zote hazina mwendo mmoja. Nyingine huchukua miaka kabla hazijaonekana. Ile iliyompata mtoto wa jirani yangu ni miongoni mwa zile zinazokwenda mbio kuliko zote zijulikanazo kwa wanadamu: chembe zake zaweza kuwa maradufu kwa muda wa siku moja au mbili. Basi mama akikuambia, "Jumapili lilikuwa kama jipu dogo, Jumapili ya pili jicho limefunikwa," usimwone mwongo. Mara nyingi dalili ya kwanza ni meno kulegea, na wazazi humpeleka mtoto kung'olewa jino. Jino hung'oka, uvimbe huendelea. Watoto wengine huvimba tumbo badala ya taya. Wengi wao ni wa umri wa miaka minne hadi saba hivi.

Kansa hiyo ina jina la mtu, na habari zake zatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko watu wengi. Mwaka 1957 Dakta Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alikuwa katika hospitali ya Mulago, Kampala. Alikuwa mtu wa jicho moja; la pili lilipotea kwa ajali alipokuwa mtoto. Siku moja mwenzake, Dakta Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakujua ni ugonjwa gani. Majuma machache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, akatazama nje dirishani kwa jicho lake lile moja, akamwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vile vile. Mtoto mmoja angeweza kuwa bahati mbaya tu. Wa pili alimfanya aanze kutafuta katika vitabu vya hospitali, na kumbe watoto wa namna hiyo walikuwa wengi. Mwaka 1958 aliandika habari zao katika gazeti la wapasuaji la Uingereza.

Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili waliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Walisafiri majuma kumi, maili 10,000, wakapita Tanganyika na kushuka mpaka Afrika Kusini, na katika kila hospitali waliyoifikia walionyesha picha na kuuliza swali lile lile: Je, mmepata kuona uvimbe kama huu? Walipotia majibu katika ramani, waliona kwamba uvimbe wapenda nchi zenye joto na mvua nyingi, tena si za milimani. Yaani kule kule iliko malaria. Na mwaka 1964, huko London, katika chembe za uvimbe uliopelekwa kwa ndege kutoka Kampala, kiligunduliwa kirusi kiitwacho Epstein-Barr. Karibu sisi sote twakipata utotoni wala hakitudhuru. Lakini mtoto anayepigwa na malaria mara kwa mara, kwake hali yaweza kuwa nyingine, na hapo ndipo kansa hupata mwanya. Usiogope kulala chumba kimoja na mtoto huyo, wala kula naye sahani moja. Kansa yake haiambukizi.

Burkitt alikuwa mtu wa kisu, lakini hapa kisu hakikufaa kitu. Nani awezaye kumkata mtoto uso mzima? Mitambo ya kuchoma uvimbe kwa mionzi haikuwapo Uganda siku zile. Basi alijaribu dawa, mpya kabisa wakati huo, nyingine akipewa na madaktari waliokuja kutoka New York. Aliwapa watoto dozi chache tu, na wengine hata moja, kwa kuwa dawa ilikuwa haba na vyombo vya kupimia damu vilikuwa vichache. Uvimbe uliyeyuka. Wengine ulirudi na wakafa. Lakini wako waliopona moja kwa moja, na waganga wa Ulaya na Marekani, waliokuwa hawajathubutu kutamka neno "kupona" mbele ya mgonjwa wa kansa anayetibiwa kwa dawa peke yake, walianza kuja Kampala kujionea. Mwaka 1967 palifunguliwa pale Mulago kituo cha matibabu ya kansa hii, chini ya Dakta John Ziegler, na kituo hicho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Kansa ya Uganda. Mwaka 1972 zawadi kubwa ya Lasker ya Marekani walipewa waganga kadha wa kadha waliofungua njia ya kutibu kansa kwa dawa, na miongoni mwao walikuwamo Burkitt na Ziegler, pamoja na Mwafrika mwenzetu, Dakta Anomah Ngu wa Cameroon, aliyefanya kazi hiyo Ibadan, Nigeria. Sijui kwa nini watoto wetu hawafundishwi habari hii shuleni.

Sumu tatu na asili zake

Mtoto mwenye uvimbe wa Burkitt kwa kawaida hupewa dawa zaidi ya moja. Nitakueleza tatu zilizo za zamani, ambazo hata leo zinatumika.

Ya kwanza huitwa siklofosfamaidi, na ukoo wake ni wa kutisha. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Ulaya yalianza kutupiana gesi iitwayo gesi ya haradali, iliyochoma ngozi na mapafu. Waganga waliopasua maiti waliona kwamba chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepungua mno. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, Alfred Gilman na Louis Goodman waliwaza hivi: kama sumu hii yaua chembe nyeupe za damu, je, haiwezi kuua kansa ya chembe hizo? Wakampa mgonjwa mmoja dawa ya jamii ya gesi hiyo, na uvimbe wake ukanywea, ingawa baadaye ulirudi. Jambo hilo lilifichwa mpaka mwaka 1946 kwa sababu ya vita. Na usiku wa tarehe 2 Desemba 1943 ndege za Kijerumani zilipiga bandari ya Bari, Italia, kukawa na meli ya Marekani iliyobeba kwa siri mabomu ya gesi hiyo. Damu za watu waliokufa hapo zilionyesha jambo lile lile.

Siklofosfamaidi ni mjukuu wa gesi hiyo, aliyefugwa na wanakemia wa Ujerumani katika miaka ya 1950. Huingia mwilini ikiwa imelala, na ini ndilo linaloiamsha. Kazi yake ni hii: ndani ya kila chembe mna uzi mrefu uliosokotwa kwa nyuzi mbili, na katika uzi huo, uitwao DNA, zimeandikwa amri zote za chembe. Kabla ya kujigawa, chembe lazima isokotoe nyuzi hizo na kuzinakili. Dawa hufunga mafundo kati ya uzi na uzi. Chembe hujaribu kusokotoa, hukwama kwenye fundo, hufa.

Ya pili ni vinkristini, nayo yatoka katika ua. Ni ule mmea mdogo wenye maua ya waridi au meupe, petali tano, upandao mbele ya nyumba nyingi za pwani na hata makaburini, usiojali jua wala mchanga. Asili yake ni kisiwa cha Madagascar. Watu wa nchi mbalimbali waliyachemsha majani yake wakidhani yanatibu kisukari, na wataalamu waliokuwa wakichunguza habari hiyo katika miaka ya 1950 waliona kwamba wanyama waliopewa dawa hiyo walipungukiwa na chembe nyeupe za damu. Chembe inapotaka kujigawa hutandaza kamba nyembamba mno, za kuvuta nusu ya nyuzi upande huu na nusu upande huu. Vinkristini huzuia kamba hizo zisijengwe. Lakini tafadhali, usiende kuchuma majani hayo bustanini ukamchemshia mtu! Hupatikana gramu moja tu ya dawa katika mamia ya kilo za majani makavu, na pamoja nayo mna sumu nyingine nyingi zisizopimwa. Vinkristini yenyewe hutiwa katika mshipa wa damu tu. Ikitiwa kwa makosa katika uti wa mgongo huua, na kwa ajili hiyo waganga huilinda kwa masharti makali.

Ya tatu ni methotreksati, na hii ni mdanganyifu. Ili chembe itengeneze uzi mpya yahitaji vitamini iitwayo foleti, ile ipatikanayo katika mchicha, kunde na maini. Methotreksati yafanana mno na vitamini hiyo. Huingia mahali pake kama ufunguo wa bandia unaoingia katika kufuli na kukwama humo, ule wa kweli ukakosa nafasi. Aliyefungua njia hii ni Sidney Farber wa Boston. Alitumia dawa za jamii hiyo zilizotengenezwa na kikundi cha Yellapragada Subbarow, mwanakemia Mhindi aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Mwaka 1948 Farber alitoa habari za watoto 16 wenye kansa ya damu aliowapa dawa hiyo, na 10 kati yao walipata nafuu. Nafuu ilikuwa ya miezi michache tu. Hata hivyo, kabla ya hapo hapakuwa na nafuu yo yote.

Kwa nini turudi, na uvimbe umekwisha?

Hapa ndipo mama wa mtoto yule alipokosea, na ni kosa ambalo mtu ye yote mwenye akili angelifanya. Macho yake yalimwambia kwamba uvimbe umekwisha. Lakini fikiri hesabu hii. Uvimbe wenye ukubwa wa sentimita moja kila upande, kama harage nono, una chembe zipatazo milioni 1,000. Tuseme kwa mfano tu kwamba duru moja ya dawa yaua chembe 99 katika kila 100. Ni ushindi mkubwa, sivyo? Lakini zimebaki chembe milioni 10. Kwa macho huzioni, kwa vidole huzigusi, hata picha ya hospitali yaweza isizione. Duru ya pili ikiua kwa kadiri ile ile, zitabaki 100,000. Ya tatu, 1,000. Ya nne, 10. Nami sijahesabu zile zinazozaliwa katikati, wakati mtoto anapopumzika. Chembe zinazojigawa kila siku moja au mbili hazingoji mavuno yaishe wala nauli ipatikane.

Kuna jambo jingine. Katika chembe nyingi namna ile, wako wachache ambao dawa moja haiwashindi. Ukitumia dawa moja peke yake, utaua wanyonge na kuwaachia shamba wakaidi. Kwa hiyo waganga huchanganya dawa mbili, tatu au zaidi, kila moja ikipiga mahali pake. Mkaidi wa fundo huuawa kwa kamba, mkaidi wa kamba huuawa kwa ufunguo wa bandia. Anayeacha katikati akarudi baadaye, mara nyingi hurudi na kansa ya wale wakaidi.

Katika nchi tajiri, karibu watoto tisa katika kumi wenye uvimbe huu hupona. Kwetu, katika hospitali nyingi, ni nusu au pungufu. Sababu ziko nyingi: kuchelewa kufika, dawa kukosekana, magonjwa ya kuambukiza. Lakini kuacha matibabu katikati ni mojawapo ya zile kubwa.

Dawa haina macho

Sasa turudi kwa bibi. Kama dawa yaua chembe za kansa, mbona yamtesa mtoto?

Kwa sababu dawa haina macho. Haijui hii ni kansa na hii ni nywele. Yajua tu kwamba hapa pana chembe inayojigawa. Na mwilini mna mahali patatu hasa ambapo chembe njema hujigawa upesi usiku na mchana: shina la unywele, utando wa kinywa na matumbo, na uboho ulio ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Basi tazama yale yaliyompata mtoto, utaona ni mahali hapo hapo. Nywele huanguka katika juma la pili au la tatu. Kinywa hupata vidonda, tumbo huharisha. Damu hupungua.

Nywele zisikutie hofu. Hurudi, kwa kawaida katika miezi michache baada ya kumaliza dawa, pengine laini zaidi au zenye msokoto mwingine. Mtoto mdogo hajali sana. Msichana wa miaka kumi na mitatu hujali, naye afungiwe kitambaa kizuri wala asichekwe.

Kutapika ni habari nyingine. Hakutokani na chembe kujigawa, bali tumbo na ubongo huitambua sumu na kuamuru itupwe nje. Zamani wagonjwa waliteseka mno kwa hilo. Leo ziko dawa za kulizuia, kama ondansetroni, nazo hutolewa kabla ya dripu kuanza, si baada ya mtoto kuanza kutapika. Ukiona wamesahau, uliza kwa adabu. Kuuliza si utovu wa heshima.

Vinkristini, kwa kuwa huvunja kamba, hugusa pia mishipa ya fahamu, maana nayo ina kamba za namna hiyo ndani yake. Mtoto aweza kusikia ganzi au kama sindano vidoleni, taya kumwuma, kujikwaa kwa kuburuta nyayo, na zaidi ya yote kufunga choo. Usione haya kuwaambia madaktari kwamba mtoto hajapata choo siku tatu. Siklofosfamaidi ikitoka mwilini hupitia kibofu na yaweza kukichubua mpaka mkojo uwe na damu. Ndiyo sababu wauguzi hukazana kumnywesha mtoto maji mengi na kumwamsha usiku akojoe. Hawamsumbui bure. Na siku zile za kwanza kabisa, chembe za kansa zinapokufa kwa maelfu ya maelfu kwa mara moja, takataka zake hulemea figo. Maji yale ya dripu yanayotangulia dawa ni ya kuziosha.

Watu wazima wenye kansa za namna nyingine hupewa dawa nyingine, na kila dawa ina tabia zake. Kuna moja nyekundu kama sharubati, doksorubisini, ambayo huufanya mkojo uwe mwekundu siku moja au mbili bila kuwa damu. Hiyo hupimwa kwa uangalifu kwa sababu dozi zikizidi hudhoofisha moyo. Sisiplatini yaweza kudhuru figo na masikio. Baadhi ya dawa hizi zaweza kuharibu uwezo wa kupata watoto, jambo ambalo kijana aliyekaribia kuoa au kuolewa ana haki ya kuambiwa mapema.

Lakini kubwa kuliko yote ni uboho. Chembe nyeupe za damu, zilizo askari wetu wa kupigana na vijidudu, baadhi yake huishi muda wa siku moja tu au pungufu. Kiwanda kikisimama, askari huisha mara moja. Chembe zinazogandisha damu huishi siku kama kumi; hizo hufuata, na mtoto huanza kutoka damu puani au kwenye fizi. Chembe nyekundu huishi siku 120, kwa hiyo ukosefu wake huja polepole, mtoto huonekana amepauka na kuchoka. Askari huwa wachache kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi tangu dawa itolewe, kisha uboho huamka na kuanza kazi tena. Kwa hiyo duru hupishana kwa majuma. Madaktari hupima damu, wakiona kiwanda kimeamka, hupiga tena kabla kansa haijapata pumzi.

Angalia basi jambo hili. Siku ya 7 mpaka ya 14 mara nyingi mtoto yuko nyumbani. Akipata homa siku hizo, usimpe panadoli ukangoja kuche. Usiseme, "Ni malaria tu, tutakwenda kesho." Homa ya digrii 38 kwa mtoto asiye na askari yaweza kumwua kwa muda wa saa chache, naye ahitaji dawa ya kuua vijidudu kwa sindano usiku ule ule. Nendeni katika hospitali iliyo karibu, hata ikiwa ndogo, mwonyeshe daktari karatasi za mtoto na kumwambia, "Huyu yuko katika dawa za kansa." Maneno hayo ayasikie kwanza kabla ya maneno mengine yote. Aspirini usimpe kabisa, wala dawa nyingine ya maumivu bila kuuliza, maana huzidisha kutoka damu, na nyingine hugombana na methotreksati.

Mengine ya nyumbani si magumu. Chakula kiwe kimepikwa na moto, maji yamechemshwa, matunda yamemenywa. Kinywa kisukutuliwe kwa maji ya chumvi kidogo baada ya kila mlo. Uji usiwe wa moto, wala usitiwe ndimu. Kwa siku mbili baada ya dawa, anayesafisha matapishi na mkojo avae glavu, na mama mjamzito asifanye kazi hiyo. Chanjo asipewe bila ruhusa ya daktari wake. Na kama kuna mizizi au majani mnayompa kando, mwambieni daktari. Nawajua ndugu wengi wanaoficha kwa kuogopa kugombezwa. Lakini dawa iliyopimwa kwa uzito wa mtoto huweza kuharibiwa na dawa isiyopimwa. Vidonge vya foleti vile vile, ingawa kwa wengine ni chakula, mtoto wa methotreksati apewe na daktari tu.

Nauli ni jambo la kweli, wala sitaki kujifanya kwamba silijui. Mama mwenye watoto wanne na shamba moja hawezi kukaa mjini miezi. Lakini kabla ya kuikunja ile karatasi, amwone ofisa wa ustawi wa jamii pale hospitalini na kumwambia shida yake waziwazi. Mahali pengine wana nyumba za kulaza wazazi na mfuko wa nauli, ila hawawezi kuujua umaskini wa mtu aliyeondoka kimya kimya.

Mtoto wa jirani yangu alikaa nyumbani karibu mwezi mmoja. Kisha siku moja akala muhindi, akasema jino lacheza. Jirani yangu aliitoa karatasi kabatini jioni ile ile, tukachanga nauli pale barazani, na alfajiri wakapanda basi. Ilibidi waanze upya, kwa dawa nzito kuliko zile za kwanza, na mara mbili mtoto alipata homa ya kutisha. Bibi alikwenda mjini kumuuguza ili mama arudi kupalilia. Aliporudi alinieleza habari za askari na kiwanda kama nilivyokueleza wewe, na kwa usahihi zaidi. Mtoto amemaliza duru zake sasa, nywele zimeota, na kila mwezi ana tarehe ya kurudi kupimwa. Karatasi hawaitii tena kabatini. Wameibandika ukutani, karibu na kalenda.